Skuta ya Umeme: Ya Kutengeneza Mwenyewe na Ya Kumwachia Fundi

Mazungumzo ya mwanachama wetu, fundi umeme wa tawi la Dar es Salaam, mbele ya mkutano mkuu wa mwaka



Kamati imeniomba nizungumze juu ya skuta za umeme, vile vyombo vya magurudumu mawili ambavyo mtu husimama juu yake akashika usukani. Najua wapo wanaojiuliza, chama cha maendeleo cha watu wa Usangi kina habari gani na mchezo wa watoto wa Ulaya? Jibu ni kwamba skuta zimekwisha kufika nyumbani. Zinakuja ndani ya kontena pamoja na friji, baiskeli na magodoro ya ndugu zetu walioko Ujerumani, Uingereza na kwingineko. Nyingine zinanunuliwa mtumba hapa Dar es Salaam. Zikifika kule hutumika mwezi mmoja, miwili, kisha husimamishwa stoo nyuma ya magunia ya mahindi, na mwenye nayo husema, "Imekufa."

Ndugu zangu, nyingi hazijafa. Katika zile nilizoletewa na wanachama, ugonjwa mara nyingi ulikuwa pancha, kebo ya breki iliyolegea, chaja mbovu au waya uliokatika. Hayo mtu mwenye spana na subira anayamaliza kibarazani kwake. Lakini liko jambo moja ambalo si la kibarazani, nalo ni betri. Mtu akilichezea, anaweza kuchoma nyumba na watu waliolala ndani. Kwa hiyo leo nataka tuonyeshane mpaka: hapa fanya mwenyewe, hapa simama.

Ndiva na mfereji

Sisi watu wa Upare hatuna haja ya kufundishwa betri kwa maneno magumu. Tunazo ndiva. Wazee walichimba bwawa mlimani, maji yakakusanywa usiku, asubuhi likafunguliwa, yakashuka kwa mfereji hadi shambani. Betri ni ndiva. Volti ni kama urefu wa kilima ambako ndiva imekaa: ikiwa juu zaidi, maji hushuka kwa nguvu zaidi. Ampea ni wingi wa maji yanayopita mferejini kwa wakati mmoja. Na wati-saa ni maji yote yaliyomo bwawani, yaani kazi yote ambayo betri inaweza kukufanyia kabla haijakauka.

Tuchukue mfano wa skuta iliyoenea sana, Xiaomi M365, iliyotoka mwaka 2016. Betri yake ni ya volti 36 na ampea-saa 7.8, yaani kama wati-saa 280. Ukiifungua utakuta seli 30, kila moja umbo lake kama betri ya tochi, nene kidogo. Zimepangwa makundi 10 yanayofuatana, kila kundi seli 3 zikiwa bega kwa bega. Seli moja ikijaa hufika volti 4.2, kwa hiyo makundi 10 yakijaa yanakupa volti 42. Ishike namba hiyo, tutairudia.

Juu ya betri kuna bodi ndogo ya ulinzi, ambayo mafundi huiita BMS. Huyu ndiye mgawa maji. Seli zikijaa anafunga, zikikaribia kukauka anafunga, na umeme ukipita kwa wingi kuliko inavyoruhusiwa anafunga. Baada yake kuna kontrola, ambayo hupokea amri ya kidole chako kwenye leva ya mwendo na kuipelekea mota umeme wa kiasi kinachotakiwa. Mota yenyewe imo ndani ya gurudumu. Kwa M365 ni gurudumu la mbele. Betri, bodi ya ulinzi, kontrola, mota, leva na breki: skuta yote ni hiyo.

Ya kufanya mwenyewe

Kanuni ya kwanza kabla ya lolote: zima skuta, chomoa chaja, na ukifungua kifuniko cha chini, chomoa plagi ya betri kabla hujagusa waya mwingine. Vua pete na saa ya chuma. Ndani ya kontrola kuna kapasita zinazobaki na umeme hata betri ikishachomolewa; bonyeza kitufe cha kuwashia, subiri dakika chache, ndipo uendelee.

Tairi. Hiki ndicho kilio cha kwanza. Magurudumu ya inchi 8.5 ni madogo, na barabara zetu za mawe hayazipendi. Pancha nyingi hazitokani na msumari. Zinatokana na upepo mdogo: tairi likigonga jiwe, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, inapata vitobo viwili vinavyoelekeana. Dawa yake ni pampu. Pima upepo kila wiki, fuata namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Ukilazimika kubadilisha tyubu, litumbukize tairi kwenye maji ya moto dakika chache lilainike, paka sabuni ukingoni, kisha livalishe kwa vyuma viwili bapa bila kuibana tyubu. Weka upepo kidogo kwenye tyubu kabla ya kuiingiza, isijikunje.

Breki. Breki ya nyuma ya diski huvutwa kwa kebo kama ya baiskeli. Ikilegea, kuna skrubu ya kukazia kwenye kebo. Zungusha kidogo kidogo huku ukizungusha gurudumu kwa mkono, mpaka diski ipite bila kugusa na ishike mara unapovuta leva. Ukiona pedi zimebaki nyembamba, badilisha, usingoje chuma kikutane na chuma. Na usipake mafuta ya aina yoyote karibu na diski.

Mkunjo wa usukani. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mtu huanguka kifudifudi. Mwaka 2019 kampuni ya Xiaomi iliita skuta zake kadhaa za M365 zirudishwe, kwa kuwa skrubu moja kwenye mkunjo iliweza kulegea na mlingoti wa usukani ukavunjika wakati mtu anaendesha. Skuta za mtumba zimepita mikono mingi, na huwezi kujua kama yako ilikaguliwa. Kila wiki shika breki ya mbele au zuia gurudumu kwa mguu, sukuma usukani mbele na nyuma. Ukisikia mchezo, usipande. Kaza skrubu, tia gundi ya kushikilia skrubu, ile ya kiasi inayoweza kufunguliwa tena, na ukiona ufa kwenye chuma chenyewe, kibadilishe. Ufa hauzibwi kwa kulehemu mtaani.

Maji. Skuta hizi zimetengenezwa kuvumilia marashrashi, si kuvuka kijito wala kuoshwa kwa mpira wa maji. Kabla ya masika, fungua kifuniko cha chini, angalia mpira unaoziba ukingo, na paka silikoni mahali palipopasuka. Kazi hii ya nusu saa huokoa kontrola nyingi.

Kutafuta ugonjwa kwa multimita

Mwenye multimita ndogo, ile ya bei ya kawaida inayouzwa Kariakoo, anaweza kujua ugonjwa wa skuta bila kununua kipuri hata kimoja. Twende hatua kwa hatua.

Skuta haichaji. Usianze kwenye betri. Pima kwanza umeme wa ukutani, kisha pima ncha ya chaja. Chaja ya betri ya volti 36 inatakiwa kutoa karibu volti 42. Ikitoa sifuri, ugonjwa ni chaja. Ikitoa 42, angalia tundu la kuchajia: vumbi, kutu, waya uliong'oka. Ukimaliza hayo ndipo upime plagi ya betri. Betri nzima itakuonyesha kati ya volti 30 na 42 kulingana na ilivyotumika. Ikionyesha sifuri au chini sana, ama bodi ya ulinzi imefunga, ama seli zimekauka. Hapo ni mpaka. Simama, mpelekee fundi.

Skuta inawaka lakini mota inatetemeka bila kwenda. Mota ina waya tatu nene zinazobeba nguvu, na waya tano nyembamba za sensa: mmoja wa volti 5, mmoja wa hasi, na mitatu ya ishara. Sensa hizo humwambia kontrola gurudumu limefika wapi. Waya mmoja wa ishara ukikatika, kontrola hubahatisha, na mota hutetemeka kama punda aliyegoma. Weka mita kati ya waya wa ishara na hasi, skuta ikiwa imewashwa na gurudumu limeinuliwa, kisha zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Namba inatakiwa iruke kutoka karibu sifuri hadi karibu 5, irudi, iruke tena. Ishara isiyoruka ndiyo yenye ugonjwa.

Gurudumu la mota limekuwa zito kuzungusha hata skuta ikiwa imezimwa. Hiyo ni dalili ya shoti. Chomoa waya tatu nene kutoka kwenye kontrola, zisigusane. Zungusha tena. Gurudumu likiwa jepesi, kontrola ndiyo imekufa, nunua nyingine. Likibaki zito, shoti imo ndani ya mota au kwenye waya zake. Mara nyingi ni pale waya zinapoingilia kwenye ekseli, zimechubuka. Kipimo hiki hakihitaji hata mita, na kinakuepusha na kununua mota wakati ugonjwa ni kontrola.

Kuongeza mwendo

Sasa nizungumze na vijana, maana najua mnachonisubiria. Mnataka skuta iende mbio. Wapo wanaobadilisha programu ya kontrola kwa simu, wapo wanaofunga betri ya volti nyingi zaidi. Sitawakataza kwa kelele. Nitawapa hesabu, mwamue wenyewe.

Hesabu ya kwanza ni joto. Joto linalozalishwa ndani ya waya na mota huongezeka kwa mraba wa ampea. Ukitoa ampea kutoka 15 hadi 20, umeongeza theluthi moja ya umeme, lakini joto limeongezeka kwa asilimia 78. Waya ni zile zile, plagi ni zile zile. Ndiyo maana utaona plagi zimeyeyuka kwenye skuta "iliyofunguliwa".

Hesabu ya pili ni breki. Nguvu ya mwendo ambayo breki inapaswa kuimaliza nayo huenda kwa mraba. Kutoka kilomita 25 kwa saa hadi 35, breki ile ile ndogo inabebeshwa karibu mara mbili ya mzigo iliotengenezewa. Mbuzi wa jirani akivuka barabara, hesabu hiyo utaifanya ukiwa hewani.

Hesabu ya tatu ni ya milima yetu. Mtu, skuta na kifurushi vikifika kilo 100, kuvipandisha mwinuko wa mita 10 kwa kila mita 100 za barabara, kwa mwendo wa kilomita 10 tu kwa saa, kunataka wati kama 270, kabla hujahesabu zinazopotea njiani. Mota ya M365 imeandikwa wati 250. Maana yake mlimani inafanya kazi kupita kiasi hata kabla hujaichezea. Tena, kila mita 500 unazopanda kwenda juu hula wati-saa 136 kwa uchache, karibu nusu ya ndiva yote. Ile habari ya kwenda kilomita 30 kwa chaji moja ni ya tambarare, labda kule chini kuelekea Nyumba ya Mungu. Si ya kupanda kutoka Mwanga kwenda Usangi. Aliyefikiri atapanda safari nzima kwa skuta ndogo ataisukuma.

Na kushuka kuna siri yake. Breki ya umeme ya gurudumu la mbele hugeuza mota kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Lakini betri iliyojaa pomoni haina pa kuuweka. Anayekaa juu kilimani akachaji hadi mwisho, kisha akaanza safari kwa mteremko, atakuta breki hiyo haimsaidii kama alivyozoea, na mzigo wote unaangukia diski ndogo ya nyuma. Kama nyumba yako iko juu, chomoa chaja kabla haijajaa, na shuka polepole tangu mwanzo.

Yako mabadiliko mazuri ambayo nayaunga mkono: taa yenye nguvu zaidi ya mbele, viakisi mwanga ubavuni, kengele, kishikio imara cha madigadi ya nyuma, na silikoni ya kuzuia maji. Tairi zisizo na upepo huondoa pancha, lakini mtikisiko wote huhamia kwenye mikono yako na kwenye skrubu, basi uzikague mara mbili zaidi. Tairi za inchi 10 hupita mawe kwa ulaini, lakini jueni kwamba kipima mwendo kitadanganya: kitasema 20 wakati unaenda zaidi ya 23, na nguvu ya kupandia kilima itapungua.

Betri ya pili

Wapo wanaofunga betri ya pili nje, sambamba na ile ya kwanza, ili waende mbali zaidi. Rudini kwenye ndiva. Ukiunganisha mabwawa mawili kwa mfereji mpana, moja limejaa na lingine nusu, maji yatapita kwa kishindo mpaka yalingane. Betri hufanya vivyo hivyo, ila maji yake ni moto. Betri mbili zisizolingana volti zikiunganishwa moja kwa moja, umeme unaopita kati yake unaweza kuyeyusha waya kabla hujatoa mkono. Anayetaka kufanya hivyo lazima betri ziwe za aina moja, kila moja na bodi yake ya ulinzi, na zipimwe ziwe na volti sawa kabla ya kugusana. Mimi ningesema: hii ni ya fundi.

Mpaka wenyewe

Ya fundi ni kila kitu kilichomo ndani ya kifuko cha betri. Nitaeleza kwa nini, ili isiwe amri tu.

Kwanza, bodi ya ulinzi inapofunga, wapo wanaounganisha waya kuiruka ili skuta iwake. Ni sawa na kumfukuza mgawa maji na kuacha ndiva wazi. Seli zilizoshuka chini mno na kukaa hivyo miezi, shaba iliyo ndani yake inaweza kuanza kuyeyuka. Ukizilazimisha kuchaji, shaba hiyo huota tena mahali pasipostahili na kusababisha shoti ndani ya seli. Leo haitatokea kitu. Inaweza kutokea wiki ijayo, saa nane usiku, skuta ikiwa korido.

Pili, seli haziunganishwi kwa pasi ya kulehemu. Joto la pasi likikaa juu ya seli huiharibu ndani. Zinaunganishwa kwa bamba la nikeli na mashine ya kupiga nukta za moto, inayomaliza kazi yake chini ya sekunde moja.

Tatu, moto wa betri ya lithiamu si kama moto wa kuni. Seli moja ikipandwa na joto huipasha ya pili, ya pili huipasha ya tatu, na moshi wake ni sumu. Mwezi Desemba 2021, mamlaka ya usafiri ya London ilipiga marufuku skuta za umeme za watu binafsi ndani ya treni na mabasi yake, baada ya betri kuwaka moto ndani ya treni. Huko wana zimamoto wa kufika kwa dakika chache. Sisi kule mlimani tuna majirani na ndoo.

Basi nyumbani tushike haya. Usichaji ukiwa umelala. Usichaji mlangoni au chini ya ngazi, mahali ambapo moto utawazibia watu njia. Ukitoka kupanda kilima, acha betri ipoe kwanza. Tumia chaja ya volti zake. Betri iliyovimba, inayonuka kama dawa tamu, au iliyowahi kuzama kwenye maji, itoe nje ya nyumba, mbali na ukuta na nyasi. Ikianza kutoa moshi, toa watu kwanza, kisha piga simu 114. Maji mengi husaidia kuipoza, lakini usikaribie ukauvuta moshi kwa ajili ya kuokoa chombo. Na skuta inayokwenda stoo usiiache tupu wala imejaa: iache kama nusu, karibu volti 37 au 38, na uipime kila baada ya miezi michache.

Kwa ndugu zetu walioko nje

Nanyi mnaotuma, nina machache. Msitupakizie kwenye kontena skuta yenye betri iliyovimba kwa kusema "mafundi wa nyumbani wataona". Itoeni huko, mkaipeleke wanakopokea betri chakavu, mtume skuta bila betri. Hata hivyo ina thamani. Msijaribu kuibeba kwenye ndege pia: abiria hawaruhusiwi betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na hii ina 280.

Na mnapozitumia huko mliko, kumbukeni kwamba Ujerumani tangu mwaka 2019 inaziruhusu barabarani zikiwa na kikomo cha kilomita 20 kwa saa na kibandiko cha bima. Ukibadilisha mwendo, kibali chake kinakufa, na bima inaweza kukugeukia ukigonga mtu. Uingereza skuta ya mtu binafsi hairuhusiwi kabisa kwenye barabara za umma. Mtoto wetu asije akapata rekodi ya polisi kwa chombo cha kwendea dukani. Tena kwenye baridi iliyo chini ya sifuri, msichaji. Ingizeni ndani, ipate joto la chumba kwanza.

Kwa nini nayasema haya kwenye mkutano wa michango

Mtaniuliza, fundi, kama betri ni ya fundi, fundi huyo kule nyumbani yuko wapi? Hapo ndipo penye shida, na ndiyo sababu Kamati ikanipa nafasi hii.

Vijana wenye akili ya ufundi tunao. Wanafungua redio, simu, pikipiki, sola. Lakini wanaifungua betri ya lithiamu kwa kisu cha jikoni, wanapima kwa balbu ya tochi, na wanaunganisha kwa pasi ya kulehemu kwa sababu hicho ndicho walicho nacho. Si ujinga. Ni kukosa vifaa. Na kazi hii haitaishia kwenye skuta. Pikipiki za umeme zinaongezeka Nairobi na Kigali, na Rwanda imeamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Upepo huo utafika Mwanga. Anayejua leo kupima seli ya skuta, kesho atatengeneza betri ya bodaboda na ya sola ya zahanati, maana misingi ni ile ile.

Kwa hiyo ombi letu mwaka huu ni kuchangia meza moja ya ufundi kwenye karakana ya vijana nyumbani. Si jengo jipya. Ni multimita nzuri mbili, kifaa cha kutoa umeme kinachodhibiti volti na ampea, kipima uwezo wa seli, mashine ya kuunganishia nikeli, spana zenye mpini wa mpira, miwani na glavu, sanduku la chuma na ndoo za mchanga kwa ajili ya betri zinazoshukiwa. Juu ya hayo, nauli na ada ya vijana wawili kwenda kujifunza ufundi wa umeme chuoni, kwa masharti kwamba watarudi na kufundisha wengine. Mhazini ana orodha ya bei. Iombeni, isomeni, iulizeni maswali.

Mwenye fedha alete fedha. Mwenye skuta mbovu isiyo na betri ailete iwe ya kujifunzia. Mwenye mita asiyoitumia ailete. Mwenye nguvu za mikono, karakana inahitaji kupakwa rangi na kuwekewa madirisha ya kupitisha hewa, na hiyo ni kazi ya msaragambo, tunaijua. Wazee wetu hawakungoja mtu aje kuwachimbia ndiva. Walipatana siku, kila nyumba ikatoa mtu, na maji yakafika.

Mimi kwa upande wangu naahidi wiki mbili kila mwaka, kwa gharama yangu, za kukaa na vijana hao mezani.